Tuta la Mamboleo

Nilianza na jina.
Dhahabu, ndimi za moto zikilamba herufi,
nyuma yake ziwa nililolinyofoa kwenye picha ya mtu.
KISUMU MBIO. Wiki tatu nzima nalipamba jina.

Mchezo wenyewe haukuwa wangu:
mbio za magari, wa zamani, mji wa ugenini wenye theluji.
Nilitaka kuing'oa theluji ile
nipande vumbi la Otonglo,
nipande Kondele na tuktuk zake.
Kung'oa sikujua. Kupanda sikujua.
Nilijua kuorodhesha:
wachoraji watatu, waandishi wa msimbo wawili,
mtu wa sauti,
na juu kabisa, kwa wino mwekundu,
Msimamizi: Ogweno.

Walikuja watano, Jumapili, chumbani kwangu Nyalenda.
Nilinunua mandazi kumi, nikaazima birika kwa jirani.
Nikanena saa nzima, mikono ikijenga mji hewani,
hapa stendi, hapa soko, hapa mvua itanyesha.
Apondi, anayeandika vibao vya maduka Kibuye,
alijifuta vidole akasema, "Haya, fungua tuone."
Nikafungua.
Jina. Moto. Ziwa la mtu.
"Na ukibonyeza?"
Ukibonyeza, hakuna.

Hakuna aliyenicheka. Walishukuru kwa chai.
Mmoja akakumbuka kwaya, mwingine nguo zake kambani,
na heshima ile iliniuma kuliko matusi.
Lilibaki andazi moja. Nililitafuna kesho yake, gumu,
nikaibandua orodha ukutani.

Nikajipa kazi moja tu: tuta.
Lile la Mamboleo, lisilopakwa rangi, linalovunjia watu mayai.

Barabara yangu ya kwanza ilipendeza:
lami, viraka, hata mstari mweupe uliofifia.
Nikaweka gari juu yake. Gari likazama.
Likapenya lami kama kokoto kwenye uji,
likaanguka, taa zikiwaka,
chini ya mji, chini ya kila kitu,
na tokeni za stima ziliisha likiwa bado linaanguka.
Siku nne nilikuna kichwa.
Kumbe niliipa barabara rangi,
nikasahau kuipa ugumu.

Nilikaa na jambo hilo kitambo,
nikiangalia alama nne za gundi ukutani.

Halafu kibanda. Mabati yake yalimetameta kama yana homa,
kwa sababu niliweka mabati mawili mahali pamoja
na yakagombania nafasi kama mawifi.
Halafu faili likaharibika, kazi ya siku tisa,
ndipo nikajifunza kuhifadhi nakala, nikilia kidogo.
Mchana natengeneza simu za watu, usiku pembetatu,
pembetatu juu ya pembetatu,
kwenye laptopu isiyo na herufi P.

Mvua za vuli zikaja zikapita. Nilikuwa na hatua mia mbili za barabara.
Kibanda kimoja. Mbwa mmoja asiyetembea.
Na tuta.

Apondi alileta simu yake, kioo kimepasuka.
Sikumwita kwa ajili ya mchezo. Ulikuwa wazi tu, mezani.
Akavuta kigoda.
Akaendesha, akafika kwenye tuta bila kupunguza mwendo,
gari likaruka, likatua kwa pua.
Akarudi nyuma. Akalipanda tena.
Mara ya tano akacheka, kile kicheko cha mtu
aliyewahi kumwaga mayai pale.
Kisha akasimama mbele ya kibanda, akainamia skrini.
"Hiki kibao nimekiandika mimi," akasema.
"Na M yangu haikai hivyo. Mguu wake umeukata.
Ukitaka kurekebisha, unabonyeza wapi?"

Nikasogea, nikampa kipanya.
Siku hiyo sikuwa hata na chai.