Robota

Nyaboke alimleta ndani ya mfuko wa nailoni,
ule wa mistari, wa kubebea mitumba,
zipu imeachwa wazi kidogo
kama mdomo wa mtu aliyepitiwa na usingizi.
"Daktari yupo?"
Yuko Njoro, kwa ng'ombe wa watu.
"Basi wewe niambie huyu ni nani."

Nikafungua zipu.
Macho ya buluu.
Si kijani cha paka wetu wa sokoni;
buluu ya sare ya shule iliyofuliwa mara moja tu.
Mwili rangi ya maziwa,
lakini uso, masikio, miguu, mkia,
vyote rangi ya majani chai yaliyochemka mno,
kana kwamba alishikwa kiuno
akachovywa ncha.

"Nilimkuta kwenye marobota," akasema,
"siku ile ya mvua ya mawe, Kaptembwo nzima ikawa nyeupe.
Nilidhani ni kola ya koti.
Nikamvuta nimpange bei."

Ndiyo maana anaitwa Robota.
Na uzito pia: mizani ilisema kilo saba na robo,
na bado anakua.
Hawa hujengeka polepole, nikamwambia,
miaka mitatu, minne,
kama nyumba ya mwalimu.

Anakamata panya?
"Panya humpita. Yeye huwatazama tu,
kama askari wa kaunti aliyekwisha kupewa chai."
Analia?
"Kidogo. Kama mlango wa jirani."
Anaparua?
"Moraa wangu humvisha kofia ya mtoto,
humfunga mgongoni kwa leso. Hasemi kitu."
Anakufuata?
"Hadi chooni! Nikijifungia hulala kizingitini.
Nikitoka, namkanyaga."

Nikaweka mkono chini ya kifua, mwingine chini ya mapaja,
nikamnyanyua,
na paka akaisha.
Shingo, mgongo, miguu yote minne
ikaning'inia kama sweta lililolowa kwenye kamba.
"Hivyo hivyo! Mara ya kwanza nilipiga mayowe,
nikajua nimeua."

Nikamweleza: iko aina moja, asili yake mbali,
jina lake maana yake mwanasesere wa matambara.
Nyaboke akacheka mpaka akashika meza.
"Matambara! Basi alijua duka la kuingia."

Lakini ngoja, nikasema.
Macho haya wanayo wengine pia.
Wapo wa Siamu, wembamba, wenye domo.
Wapo wa Burma, wenye soksi nyeupe
(nilitazama kucha kwa kucha, soksi hana).
Na kulegea si ushahidi;
wapo wa aina hiyo hiyo wanaokakamaa ukiwabeba.
Bila cheti cha wazazi wake,
mimi nitasema tu: anafanana.

"Anafanana," akarudia.
Akachukua muda kukunja mfuko ambao haukuhitaji kukunjwa.
"Mwaka ule, hapa hapa Nakuru,
kijana alinisimamisha akanitazama pua.
Akaniambia nitamke neno, moja tu.
Nikalitamka vizuri.
Nilikuwa nimelisikia kwa aliyeuza viatu pembeni yangu.
Akanipisha.
Yeye cheti hakuuliza."

Paka alikuwa bado mikononi mwangu,
kichwa kimeanguka nyuma, koo wazi,
ananguruma kama friji kuukuu.

"Wakiuzwa, hawa, ni bei gani?"
Nikamtajia.
Akaniomba nirudie.
Kisha akafungua mfuko, akampokea,
akamteremsha ndani kama mtu anayemimina uji,
akalipa dawa ya minyoo kwa sarafu za kumi kumi.
"Usimwambie mtu. Na Jumamosi namleta chanjo."

Kwenye kadi, palipoandikwa Aina,
niliandika kwa penseli.

Kutwa nzima nilikuwa nikipangusa manyoya kwenye koti langu.
Mengine nimeyaacha.