Upande

Jumatano usiku, darasani Dundee,
Bi Morag ananipokonya ufutio:
"Chora unachokiona, si unachokijua."
Kikombe changu kimekwenda upande.
Nje ukungu umeumeza mto Tay.

Asubuhi, wodini:
Bwana Lachlan, mdomo umekwenda upande,
kiharusi kimempokonya maneno,
anapiga kitanda ngumi.
Natoa penseli, nachora nyuma ya karatasi ya dawa
blanketi, choo, dirisha,
na kikombe, kibovu vilevile.
Kidole kinatua hapo. Hakiondoki.
Chai.
Siku tatu nzima, kumbe ni chai!

Anakunywa, nusu yaishia kidevuni.
Kisha anaiomba penseli, kwa mkono wa kushoto
ananichora: duara, kofia, macho mawili
yasiyolala.

Sikujua kwamba yanaonekana.