Makapi ya Gwasa

Aliyaleta mawili, kwenye gunia lililobeba chumvi ya Uvinza,
na gunia lenyewe lilikuwa nusu ya ugonjwa.
Makapi, ndiyo, ya kuvutia nyavu kwenye kipe chake,
ila kwa jinsi yalivyolika
hata yale ya kupepeta yangeyacheka.
Alumini nyepesi kama sahani ya hospitali;
kamba na mchanga vimechimba mfereji,
na pembeni vidoa vyeupe, unga unga,
ulimi wa mtoto mwenye utando.

"Pakeni rangi," akasema. "Ya bluu."

Bukuru hakumjibu. Pacha wangu hajibu
mpaka amekipima kitu mara tatu.
Rangi, aliniambia usiku, ni mgeni wa sebuleni,
ukimchokoza anaaga.
Hili tutaliotesha ngozi.

Mimi Butoyi, niliyemfuata duniani kwa dakika kumi,
kazi yangu ilikuwa barafu.
Saa kumi na moja alfajiri niko Kibirizi
nagombania mabonge na wachuuzi wa migebuka,
narudi Mwanga na ndoo yenye magamba,
viganja havijui kama ni vyangu.
Maana tindikali ya betri ikipata joto
inaila ngozi kabla haijakomaa.

La kwanza tuliliunguza.
Waya ulilegea, basi. Cheche moja, harufu ya kukata koo,
na ukingo ukabanduka kama ukoko wa ugali.
Bukuru alikaa chini kwenye saruji
akautazama ule waya, si kapi.

La pili alilibana kwa koleo hadi mkono ukatetemeka.
Soda kali, maji, maji tena,
kisha ndani ya pipa, upande wa chanya,
katikati ya vibao viwili vya risasi.
Mshale wa volti ukapanda: ishirini, arobaini,
kwa sababu ngozi ile, kadiri inavyonenepa,
inaukataa umeme ulioizaa.
"Kama binti yangu," nikasema.
Alicheka ndani ya barakoa, macho yako kwenye mshale.

Nusu huota nje, nusu huzama ndani.
Ndiyo maana tundu la ekseli alilipanua mapema,
chini ya unene wa unywele.
Si kitu kilichopakwa. Ni kutu yake mwenyewe,
imefundishwa adabu kwenye baridi.

Nikachukua msumari wa inchi nne, nikakwaruza kwa hasira za wiki nzima.
Mstari ulitokea, unang'aa.
Nikaufuta kwa kidole: ulikuwa wa msumari.

Gwasa aligeuza kapi juani.
"Kijivu," akasema. "Nilisema bluu."
Lile lililoungua analifungia mbuzi.
Hili linazunguka ziwani tangu masika,
chumvi inakaa juu yake kama vumbi, inapanguswa.
Akituletea dagaa wa deni
bado anauliza bei ya rangi.