Mtoto wa Jicho

Tegwen alinipigia simu mvua ikiwa siku ya tisa.
"Sakafu yangu imepata mtoto wa jicho," alisema.
Nilipofika Blaenau, nikavua viatu mlangoni,
nikaona kweli: sleti iliyokuwa na weusi wa kunguru
imetanda utando, kama jicho la mbwa mzee.

Nikapiga magoti. Ndiyo kazi yangu, kupiga magoti
katika majiko ya watu wasiosali tena.
Nikakwaruza kwa ukucha, gamba likanyanyuka,
jembamba kama ngozi ya kitunguu.
Vanishi. Mikono mingapi?
"Saba," akasema. "Kopo lilisema miwili.
Ilikuwa harusi ya Luned. Eurwyn alitaka wageni
wajione nyuso zao chini ya meza."

Jioni nikabandika kipande cha nailoni sakafuni,
kingo zote kwa utepe, nikaenda zangu.
Asubuhi kilikuwa kimetoa jasho kwa ndani,
matone manene, yamepanda kutoka udongoni.
Nikamwonyesha. Nikamwambia: aliyelaza mabamba haya
aliyalaza juu ya ardhi tupu. Jiwe lilikunywa chini,
likapumua juu, miaka mia na ushee,
hadi mumeo alipoliziba mdomo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga.
Hawakuwahi kupiga magoti hapa.
Kuna maji ambayo dawa yake ni kuyaachia njia.

Basi, siku tatu za kubandua.
Unamwaga dawa, unangoja, ila usiiache ikauke,
ikikauka imekushinda.
Unakwangua kwa kibapa cha plastiki, maana chuma huacha kovu.
Unazoa rojo, unasuuza, unarudia.
Katika mkono wa nne nilimkuta nzi, mbawa wazi,
na unywele wa brashi uliopinda kama alama ya kuuliza.
Kichwa kiliniuma. Dirisha wazi, mvua ikinirushia mate.

Nilipokaribia mlango wa nyuma, akanizuia.
"Huku niachie mimi."
Nikailaza tochi chini, mwanga ukapita kwa mshazari:
nyayo tano za soksi, vidole tu, bila visigino.
Eurwyn alikuwa amejipakia njia yake mwenyewe
hadi kwenye sinki, akakosa pa kutokea.
Akaita. Wote walikuwa kanisani wakipanga maua.
Akatoka kama mwizi, kwa ncha za vidole,
akitukana kila hatua. "Niliyasikia matusi
tangu kwenye geti," alisema Tegwen, akacheka,
kisha akaacha kucheka.
Miaka kumi na tisa amezipigia deki nyayo zile.
Minne ya mwisho, peke yake.

Akavaa glavu zangu, kubwa kwake, akapiga magoti.
Wa kwanza ulitoka mzima, kama kipande cha barafu.
Wa pili. Wa tatu ulivunjika.
Wa nne alichukua muda mrefu mno, sikumharakisha.
Wa tano upo kwenye bamba la kizingiti.
Akaweka kibapa chini, akaenda kutia maji kwenye birika.

Tuliiacha sakafu ikauke wiki tatu.
Nikadondosha tone la maji: jiwe likalinywa, likaweusika,
kisha taratibu likarudi rangi yake.
Hapo ndipo nikapaka ile dawa inayozama,
mkono mmoja, nikaufuta kwa kitambaa kabla haujashika,
vinyweleo vikabaki wazi.

"Haing'ai," alisema.
"Haing'ai."
Akatembea bila viatu kutoka sinki hadi dirishani.
"Ni baridi," alisema. "Nilikuwa nimesahau ni baridi."

Lile bamba la mlangoni, nikamwonya,
litazidi kuwa jeupe. Unyevu utalifikia.
"Mimi pia utanifikia," akasema,
akaniongezea chai niliyokuwa sijaimaliza.

Kwenye ankara niliandika: sakafu ya jikoni, yote,
kasoro bamba moja.