Anwani ya Mwisho

Karani aliuliza bila kuinua uso:
anwani yake ya mwisho inayojulikana?
Nikasema: Tororo, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha saruji.
Sikusema: ubavu wa kushoto wa kitanda, upande wa ukutani,
palipobaki bonde kwenye godoro
hata baada ya kuligeuza.

Miaka tisa.
Aliondoka na lori la unga kwenda Juba, utingo,
kandambili miguuni, viatu vizuri begani,
akasema mwisho wa mwezi.
Sikumuuliza upi.

Nikatakiwa kuapa kwamba nimemtafuta.
Nikaapa: Elegu,
ambako madereva walinielekeza kwa madereva wengine;
Nimule, kwa simu, ikapokelewa na mwanamke, ikakatwa;
chumba cha maiti, mara mbili,
na mara ya pili (hili halimo kwenye kiapo)
nilitoka nimekasirika kwamba hayumo.

Hakimu akasema asiyepatikana na apelekewe wito na gazeti.
Gazeti huuzwa kwa sentimita.
Niliuza cherehani ya pili
nikanunua sentimita kumi na mbili za mume wangu:
OWORA YEREMIA, herufi kubwa tupu,
yeye aliyeandika jina lake kwa herufi ndogo
kama mtu anayeingia msibani amechelewa.

Watu watatu walipiga simu.
Wa kwanza alikuwa Owora kweli, wa Iganga,
hajawahi kuoa, akauliza kama kuna fidia.
Wa pili alikuwa amelewa. Aliniomba msamaha
kwa niaba ya mtu ambaye sikumjua.
Wa tatu alipumua tu.
Nilisikiliza mpaka salio lake likaisha.
Sijui. Watu wengi hupumua.

Mama mkwe akaja na kuku aliyefungwa miguu.
"Na ng'ombe wetu, tumdai nani?"
Nikamwambia, mwenyewe akirudi atawahesabu.
Akacheka, akalia humo humo ndani ya kicheko,
kisha akaniachia kuku.

Wiki ileile nilinunua muhogo wa kukaanga kwa Nyafwono
akanifungia kwa ukurasa wa kumi na tisa.
Mafuta yalikuwa yameshampenya Yeremia
hadi upande wa pili, kwenye matokeo ya mpira.
Nilikula muhogo wote, umepoa,
nimesimama.

Siku ya kesi tarishi wa mahakama alitoka mlangoni
kuliita jina mara tatu:
koridoni,
uani,
na getini wanapoegesha bodaboda.
Owora Yeremia.
Pikipiki moja ikazimwa.
Owora Yeremia.
Mtoto wa mtu akaitika, akachapwa kofi.
Mara ya tatu niligeuka.
Wakili wangu aliona. Hakimu naye aliona,
akaandika kitu, au alikuwa anajaribu kalamu.
Mdomo wangu uliapa. Shingo haikuapishwa.

Amri ikatoka, ya muda kwanza.
Miezi mingine ya kungoja, nikiulizwa sababu nacheka:
kungoja ndiko ninakokujua.
Kisha ile ya mwisho, yenye mhuri uliopindika kidogo,
jina langu juu, jina lake chini,
na katikati neno "dhidi,"
ambalo hatukuwahi kulitumia sisi,
hata siku ile ya sufuria.

Nakala moja ni yangu.
Ya kwake, kwa kuwa hana mlango wa kugongwa,
ilibandikwa ubaoni nje ya mahakama
kati ya mnada wa shamba
na kitambulisho cha mwanafunzi kilichookotwa.
Pini moja tu, kona ya juu.
Upepo wa upande wa kiwandani ukawa unaiinua, unaishusha,
vumbi la saruji likianza kuitafuta.
Nikaishika kona ya chini nikamwomba karani pini nyingine.
Akasema zimekwisha tangu Jumatatu.

Mimi fundi cherehani. Sikosi pini kwenye ukosi.
Nikachomoa moja, nikaibana.