Karani wa Mizani

Miaka ishirini na sita nilipima chumvi Gongoni.
Gunia juu, mshale ukatulia, nikaandika.
Sikula rushwa. Hata soda ya Krismasi
nilimrudishia msimamizi na kizibo chake.

Jumapili nilikwenda kanisani na macho yaleyale.
Nilijua nani kachelewa sala ya kwanza,
nani katoa noti iliyokunjwa tusiione namba,
nani kafunga kwa mdomo huku tumbo linasaga.
Nyumbani nilikuwa na daftari lenye jalada la buluu:
fungu la kumi, timilifu;
mfungo, Jumatano na Ijumaa;
wagonjwa niliowaona, kwa majina na tarehe.
Nilidhani siku ile nitalifungua mbele ya Mungu
naye atatia sahihi chini.

Umazi wa Thoya alibeba chumvi mchana,
jioni akauza mnazi uani kwake.
Nyayo zake zilipasuka kama udongo wa bwawa lililokauka.
Siku ya Meza ya Bwana, alipoinuka kwenye benchi,
mimi, mzee wa kanisa, nilinyanyua kiganja: wewe, subiri.
Akaketi. Akaikunja leso yake mara nne, mara tano,
hata ikawa ndogo kama mkate alionyimwa.
Usiku ule niliandika: Nimelinda madhabahu.

Kisha akaja mkaguzi, kijana wa Malindi mjini,
amevuka Sabaki na sanduku la mawe ya chuma.
Akayapanga hadi kilo hamsini.
Mshale ukasema arobaini na nane.
Akayaondoa, akayapanga tena, kwa adabu,
kama mtu anayemwamsha mgonjwa.
"Mzee, mizani yako inaiba."
"Tangu lini?"
Akaitazama kutu ya springi. "Miaka. Saba. Kumi."

Mimi! Mtu wa kizibo cha soda!
Nilikaa na kalamu hadi taa ikaisha mafuta:
kilo mbili kwa gunia, magunia kwa siku,
siku kwa akina mama arobaini.
Namba ikatoka nje ya mistari.
Nikiuza shamba, nyumba,
na suti niliyojiwekea ya kuzikiwa,
sifiki robo.

Asubuhi nilikwenda kwa Umazi, sina kitu.
Mkono mtupu haulambwi, wasema watu;
mbuzi wake akaja akaulamba wangu,
maana chumvi haikuwahi kunitoka kuchani.
Nikamsomea hesabu. Sauti ilikauka kwenye makumi elfu.

"Tulijua," akasema, anapepeta mahindi.
"Bega hujua kilo kabla ya karatasi.
Tulikutukana msimu mzima.
Kisha mwanangu akaugua, nikaona
siwezi kumwomba Mungu afute langu
huku nimeshika lako kwa meno.
Nikaliachia."

"Kabla ya kile kiganja?"

"Kabla. Na kiganja nacho,
ilinibidi nianze upya, na hicho kilikuwa kigumu.
Karani, usiandike. Kaa. Kuna uji."

Akatia chumvi kwa vidole vitatu, hakupima.
Nikanywa. Sikuwa na cha kulipia hata kikombe.
Neno neema nimelitamka tangu utotoni
kama jina la mji wa jamaa nisiopata kuufika;
kumbe wenyeji wake walikuwa wakinipisha njiani kila siku,
gunia kichwani,
nami nawaambia wapange foleni.

Usiku nikafungua daftari. Mkono, kwa mazoea,
ukaandika: Leo nimejinyenyekeza.
Nikayatazama maneno yale yamekaa sawasawa juu ya mstari,
yamenyoa nywele, yamefunga tai.
Nikayakata.

Chini yake pamebaki peupe.
Sijui kinachoandikwa hapo. Kalamu nimeiweka.
Mkono bado unanuka mate ya mbuzi.