Dunia Mbili, Kinyozi Mmoja

Nina dunia mbili kwenye diski moja
nyuma ya pazia la saluni, hapa Nkuhungu,
na Chibago hawezi kunyolewa kimya:
kila akikaa kitini anauliza, aanze na ipi?

Ya kwanza, namwambia, ni nzuri kama picha ya harusi.
Imeivuta ardhi yote kutoka angani,
mawe ya Mlimwa, mabati, hadi vivuli vya ng'ombe.
Ila inakunywa bando kama trekta.
Hujafika Kongwa, ujumbe umeingia,
ndugu mteja, umetumia asilimia sabini na tano,
na vilima mbele yako vinageuka ugali mbichi.
Ndege zake nazo zina adabu mno.
Unavuta usukani, inanyanyuka. Unakosea, inakusamehe.
Ndege gani husamehe?

Ya pili haina sura.
Dodoma yake ni kijani, kijani cha nchi za watu,
misonobari imesimama penye migunga yetu,
mji mzima nyumba kumi na mbili, zote zina dohani.
Lakini upepo wake!
Weka saa saba mchana, mwezi wa kumi,
jaza mafuta, elekeza pua mashariki
(usukani wangu ni mpini wa pikipiki,
pedali ni za cherehani ya marehemu mama),
uone ndege inavyokimbia, inakimbia, njia inaisha,
mabawa hayajapata cha kushika,
maana hewa ya huku juu ni nyepesi
na jua limezidi kuikonda.
Aliyeiandika sidhani kama amewahi kukanyaga hapa,
lakini kiangazi chetu amekipigia hesabu.

Bei? anauliza Chibago.
Bei, ndugu yangu, haiko kwenye dunia, iko kwenye vipuri.
Ile ya pili niliinunua kwa vichwa themanini.
Nikadhani nimemaliza.
Kumbe kiwanja kimoja cha Ulaya,
chenye hadi zulia la chumba cha kusubiria,
ni vichwa thelathini na kimoja.
Ndege ambayo kila swichi inabonyea: tisini, na ndevu juu.
Mawingu yanauzwa.
Sauti ya mvua kwenye kioo inauzwa peke yake.
Nililitazama tangazo la mawingu
Desemba ile iliyopita kavu,
nikacheka hadi mteja akajishika sikio.
Na ulichonunua huku, kule hakiingii,
kama chaja za simu za zamani.

Nikatafuta kiwanja chetu. Hakuna anayekiuza,
maana hakuna aliyekitengeneza.
Nikakijenga mwenyewe, kwa ajili ya ile isiyo na sura.
Mpwa wangu Sechelela alipiga picha, mimi nikapanga,
miezi saba, bati kwa bati,
tangi la jirani, ukuta uliokosa rangi ya kumalizia.
Nikakiweka bure. Wamekichukua watu kumi na mmoja.
Mmoja, wa kaskazini huko, aliandika:
mbona mji wako una vumbi jingi hivi?
Nikamjibu, hiyo ndiyo nyongeza yenyewe.

Lakini usiku nikishafunga, umeme ukiwepo,
siwashi ile niliyoijenga.
Nawasha ya kwanza, bando liishe likitaka.
Naruka, nakata kushoto kuelekea Hombolo,
nashuka chini kuliko sheria inavyoruhusu,
kwa sababu picha zao za angani zina umri wa miaka sita,
na miaka sita iliyopita
shamba la zabibu la mama lilikuwa na mistari,
barabara haijalipitia katikati,
na mwisho wa mstari wa tatu kuna kitone cheusi.
Sechelela anasema ni ndoo.
Nimekizunguka hadi taa ya mafuta ikawa nyekundu.
Ukikikaribia zaidi kinavunjika,
vipande vinne vya rangi, basi.

Kwa hiyo nianze na ipi? anasema Chibago.
Geuza kichwa, namwambia,
nimalize upande huu.